Kitabu cha Eldadi wa kabila la Dani: chapa ya Mantua ni ya mwaka gani, na "ng'ambo ya mito ya Kushi" ni wapi?

#1 Msomaji wa Usiku

Wakuu, salaam. Kuna kijitabu cha Kiebrania, chembamba, kinachosimulia habari za makabila kumi yaliyopotea ya Israeli na mto Sambatyoni. Msimulizi ni Eldadi, anayejiita mtu wa kabila la Dani. Katalogi inasema: Mantua, Abraham Conat, [1480]. Skani nimeipekua mwanzo mpaka mwisho, mwaka haupo.

Maswali mawili. Hiyo 1480 imetoka wapi? Na la pili ndilo linaloniwasha: Eldadi anasema Dani, Naftali, Gadi na Asheri wanakaa Havila, nchi ya dhahabu, ng'ambo ya mito ya Kushi. Kushi si ndiyo Uhabeshi? Dai langu: huu ni ushahidi wa kale wa maandishi kuhusu Wayahudi wa Uhabeshi, na watu wameukalia. Nipingeni kwa hoja.

#2 MpigaChapa

Jibu la swali la kwanza liko kwenye mabano. Mwaka ukiwekwa ndani ya mabano ya mraba, maana yake mwaka haumo kitabuni, mtunza katalogi amekadiria. Chapa hii haina maneno ya mwisho ya mchapaji yenye tarehe. Kilichotumika ni umbo la herufi: za mchapaji Conat wa Mantua, Italia, ni za mwandiko wa Kiitalia, nusu mkono, si zile za mraba za kwenye Torati. Ukiziona hizo pamoja na karatasi ya Italia ya miaka ile, unamtaja Conat.

Sasa tatizo. Kazi za Conat zenye tarehe zinaangukia katikati ya miaka ya 1470. Juzuu ya kwanza ya Turi, kitabu kikubwa cha sheria za Kiyahudi, aliimaliza Mantua 1476. Juzuu ya pili aliianza yeye, ikaja kumalizwa na mchapaji mwingine Ferrara mwaka 1477. Baada ya hapo kimya. Kwa hiyo 1480 ni namba ya mviringo ya wakatalogi wa zamani. Siku hizi wengi wanairudisha nyuma, 1475 hadi 1477.

#3 Kichwa Ngumu

Mbona skani yenyewe imevurugwa? Nimeifungua, ukurasa wa kwanza ni mwisho wa habari, jina la kitabu liko nyuma kabisa. Aliyeskani alilala.

#4 Ustadhi wa Kizingo

Hakulala. Kiebrania husomwa kulia kwenda kushoto kama Kiarabu. Mgongo wa kitabu uwe kuliani kwako. Chuoni ulikuwa unakaa safu ya ngapi?

#5 Kichwa Ngumu

😂 Ya nyuma, karibu na dirisha. Endeleeni.

#6 Bi Katalogi

Naongeza kwa MpigaChapa #2, maana watu wengi hukwama kwenye miaka ya Kiebrania. Vitabu vyenye tarehe huandika mwaka kwa herufi, na mara nyingi elfu 5 huachwa. Turi ya 1476 ina mwaka 5236: reshi ni 200, lamedhi 30, vau 6, jumla 236. Ongeza 1240 upate 1476. Mwaka wa Kiyahudi huanza karibu na Septemba, kwa hiyo kama mwezi uliotajwa ni wa vuli, Tishri mpaka Kislevu, ongeza 1239 badala yake. Ukisahau hilo unakosea mwaka mzima, na ndiyo maana kitabu kimoja hukikuta kwenye katalogi mbili kikiwa na miaka miwili.

Mtego mwingine: kuna wachapaji walioficha mwaka ndani ya aya ya Biblia. Herufi za kuhesabiwa hutiwa nukta juu au hufanywa kubwa. Unajumlisha hizo tu. Skani ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, hula nukta halisi na kugeuza uchafu wa karatasi kuwa nukta. Jumla ikileta mwaka wa ajabu, tafuta skani ya rangi kabla ya kumlaumu mchapaji.

#7 Nahodha Mstaafu

Mimi nina mashaka kama hiki ni kitabu cha chapa hata kidogo. Conat na mkewe kwenye vitabu vyao wanasema "nimeandika", hawasemi "nimechapa". Isije ikawa tunajadili hati ya mkono.

#8 MpigaChapa

Nahodha, ni chapa. Wakati ule Kiebrania kilikuwa bado hakijapata neno lililotulia la kuchapa, kwa hiyo walitumia "kuandika". Conat mwenyewe alieleza kazi yake kuwa ni kuandika kwa kalamu nyingi. Mkewe Estellina alitia jina lake kwenye kitabu kingine cha karakana hiyohiyo, akisema ameandika yeye kwa msaada wa kijana Jacob Levi kutoka Tarascon, Provence. Ndiye mwanamke wa kwanza tunayemjua kwa jina katika uchapaji wa Kiebrania.

Namna ya kupima: chagua herufi moja yenye kasoro, tuseme lamedhi iliyovunjika shingo. Itafute kurasa za mbele. Ikijirudia na mvunjiko uleule, hiyo ni herufi ya risasi ya kuchapia, si mkono. Mkono haurudii kasoro kwa namna ileile mara mbili.

#9 Ustadhi wa Kizingo

Turudi kwenye swali la pili la #1. Eldadi alijitokeza Qayrawani, Tunisia ya leo, karibu mwaka 883. Wayahudi wa pale walishangaa sheria zake za kuchinja, wakamwandikia Gaoni (mkuu wa chuo cha marabi) Tsemah kule Iraki kumuuliza. (Hata hapo pana mzozo: miaka ile kulikuwa na Gaoni wawili wa jina hilo, mmoja Sura, mmoja Pumbedita. Wengi humtaja wa Sura.)

Kilichonivuta ni silsila yake. Katika Talmudi, mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi, kila hukumu ina jina: Rabi fulani kasema kutoka kwa fulani. Eldadi hana. Kila hukumu anaianza kwa Yoshua bin Nuni, kutoka kwa Musa, kutoka kinywani mwa Mwenyezi. Kwa wanaojua elimu ya hadithi, hiyo ni isnadi isiyo na mtu hata mmoja wa kati kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Gaoni hakumkataa. Alijibu kwamba tofauti za mapokeo si jambo la kushtua, na kwamba mtu aliyepita taabu zile huenda alisahau mengine.

#10 Mama Theolojia

Msomaji wa Usiku, kabla hujaenda Uhabeshi, fungua Sefania 3:10: "toka ng'ambo ya mito ya Kushi" watakuja waabuduo. Kisha Mwanzo 2:11, Havila penye dhahabu. Kisha Isaya 11:11, Kushi imo kwenye orodha ya mahali ambako mabaki ya watu wa Mungu yatakusanywa. Eldadi hakuchora ramani ya safari. Ameshona aya. Mtu aliyekaa Basra au Qayrawani na Biblia mbele yake angeweza kuandika maneno hayohayo bila kuvuka mto wowote.

#11 Msomaji wa Usiku

Mama, nimekupata, lakini hoja yako inakata pande zote mbili. Mtu wa Uhabeshi mwenye Biblia naye angejitambulisha kwa aya hizohizo.

Nikumbushe pia kwamba Dani, kama makabila mengine, walichukuliwa na Waashuri mwaka 722 K.K., 2 Wafalme 17:6. Wangefikaje Kushi?

#12 Mama Theolojia

Hapo umeteleza. Eldadi hasemi Dani walichukuliwa na Waashuri. Anasema waliondoka mapema zaidi, zama za Yeroboamu, ufalme ulipogawanyika. Waliambiwa wapigane na Yuda, wakakataa kumwaga damu ya ndugu zao, wakapita Misri mpaka Kushi. Hiyo ni kama miaka 200 kabla ya Samaria kuanguka. Naftali, Gadi na Asheri ndio waliowafuata baadaye.

Na 2 Wafalme 17:6 inataja Hala, Habori, mto Gozani na miji ya Wamedi, yaani kaskazini mwa Syria, Iraki na Iran. Sargoni wa Ashuru naye kwenye maandishi yake alidai kuchukua watu 27,290 kutoka Samaria. Taifa zima halikuhama. Wengi walibaki walipokuwa.

#13 Nahodha Mstaafu

Nimeelewa suala la chapa, asante MpigaChapa.

Sasa langu. Eldadi anasema alivunjikiwa na chombo, akaangukia mikononi mwa watu weusi wala watu. Mwenzake wa kabila la Asheri, aliyenenepa, akaliwa. Yeye alikuwa mgonjwa, wakamlisha anenepe, akawa anaficha chakula. Bahari ile, watu wale: hao si Wazenji wa pwani yetu?

#14 Ustadhi wa Kizingo

Nahodha, usitupakazie. Neno Zenji halimo. Watu hao wameitwa Romromu au namna inayofanana na hiyo, na kila nakala ina tahajia yake, jambo linaloonyesha waandishi wenyewe hawakulielewa. Kisa cha wala watu kilikuwa mali ya mabaharia wote wa Bahari ya Hindi. Al-Mas'udi, aliyesafiri kweli pwani hii na kuondoka Qanbalu kwenda Omani karibu 916, anaeleza Wazenji wenye wafalme, ng'ombe na biashara ya pembe za ndovu. Huyo ni shahidi wa kizazi kimoja tu baada ya Eldadi.

#15 Kichwa Ngumu

Kwa hiyo ndugu yetu alikula, akaficha, akakonda kwa makusudi, akaokoka. Huyo hata asipokuwa wa Dani, ana akili.

#16 Bi Katalogi

Kuhusu majina na namba kubadilika, ngoja nieleze kinavyotokea, maana ndicho kinachoharibu mijadala ya kitabu hiki.

Herufi zinazochanganywa: dalethi na reshi, he na hethi, beti na kafu, vau na yodhi. Kwenye mwandiko wa nusu mkono ongeza samekhi na memu ya mwisho. Herufi zikiwa ni namba pia, kosa la jicho linakuwa kosa la hesabu. Mfano: Eldadi anasema alinunuliwa na Myahudi wa kabila la Isakari kwa vipande 32 vya dhahabu. 32 ni lamedhi na beti. Ukisoma beti kuwa kafu unapata 30 na 20, ambayo hakuna mtu huandika hivyo kwa sababu 50 ina herufi yake, nuni. Kosa hilo linajikamata lenyewe. Lakini 35 na 38, he na hethi, halijikamati. Ukiona nakala mbili zinatofautiana kwa 5 na 8, usitafute siri. Ni mguu mmoja wa herufi uliogusa paa.

Jingine: waandishi na wachapaji wa mwanzo walijaza nafasi mwisho wa mstari kwa herufi mbili tatu za neno linalofuata, halafu neno lenyewe likaandikwa zima mstari wa chini. Mnakili asiyejua anaziingiza hizo kama neno. Majina ya ajabu ya watu na miji mara nyingi huzaliwa hapo. Programu za kusoma herufi kwenye skani nazo zinaingia mtego uleule, tena nyingi zimefunzwa kwa herufi za mraba. Kwa chapa ya Conat zitakupa uji.

#17 MpigaChapa

Nakazia. Ndiyo maana D. H. Müller, Vienna 1892, aliamua kupanga nakala na tafsiri mbalimbali za Eldadi bega kwa bega badala ya kutengeneza maandishi mamoja. Mwaka mmoja kabla yake Abraham Epstein alikuwa ametoa chapa yake Pressburg. Ukisema "Eldadi anasema", taja ni Eldadi yupi: wa Mantua, wa Kostantinopoli (wengine huandika 1516, wengine 1519), au wa Venice 1544.

#18 Msomaji wa Usiku

Epstein ndiye wangu. Alilinganisha desturi za Eldadi na za Wayahudi wa Uhabeshi, akaona zinashabihiana, akamweka Eldadi Afrika Mashariki upande wa Ghuba ya Aden. Si mimi peke yangu.

#19 Ustadhi wa Kizingo

Na alipingwa. Hoja iliyo ngumu kuliko zote dhidi yake ni lugha. Beta Israel, yaani hao Wayahudi wa Uhabeshi, vitabu vyao vitakatifu ni vya Kigeezi, Kiebrania hawakuwa nacho. Eldadi yeye alidai hajui lugha nyingine ila Kiebrania. Watu wa Qayrawani walimjaribu: wakamwonyesha vitu, akavitaja, wakaandika. Wakakaa muda, wakamuuliza tena vilevile. Majibu yakawa yaleyale. Mhabeshi gani wa karne ya 9 angefaulu mtihani huo?

Tena waliochambua Kiebrania chake wamekuta Kiarabu kimejificha ndani ya muundo wa sentensi. Mtu asiyejua Kiarabu hapati kosa la Kiarabu. Mimi namweka Yemeni.

#20 Mzee wa Hoja

Mtihani wa Qayrawani haumsafishi. Mtu aliyetunga maneno yake na kuyakariri atarudia yaleyale mara mia. Unachopima pale ni kumbukumbu yake tu.

Karne ya 19 wako waliosema ni Mkaraimu aliyevaa joho la kabila la Dani ili apenyeze sheria zisizo za Talmudi. Wako waliosema ni tapeli tu. Ibn Ezra tangu karne ya 12, kwenye maelezo yake ya Kutoka 2:22, alishaonya kwamba kitabu cha Eldadi si cha kutegemewa.

#21 Mama Theolojia

Mkaraimu? Wakaraimu waliikataa sheria ya mdomo. Eldadi anadai sheria ya mdomo kutoka kwa Yoshua mwenyewe. Angekuwa mmisionari wa Kikaraimu wa ajabu sana.

#22 Mzee wa Hoja

Ndiyo maana nimesema "wako waliosema". Sijasema mimi.

#23 Fundi Bomba

Samahani wakuu, mimi nimevutiwa na huo mto. Sambatyoni ni nini kimaumbile?

#24 Mama Theolojia

Eldadi anasema ni mto usio na maji: mawe na mchanga vinaporomoka kwa kishindo siku sita, Sabato vinatulia. Ndani yake wanakaa wana wa Musa, Walawi. Siku ya Sabato ambayo ungeweza kuvuka, panazuiwa: nakala nyingine zinasema kwa moto, nyingine kwa wingu zito. Plini Mrumi naye ameutaja, mto wa Uyahudi unaokauka kila Sabato. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, naye vilevile.

#25 Ustadhi wa Kizingo

Yosefo si vilevile, ni kinyume. Kwake mto umekauka siku sita na kutiririka ya saba. Anauweka kati ya Arkea na Rafanea, Syria, na anasema Tito, jemadari wa Kirumi, aliuona. Mto wa Plini unaishika Sabato, wa Yosefo unaivunja kwa kufanya kazi siku hiyo.

#26 Fundi Bomba

Basi huo wa Yosefo naweza kuueleza. Ni chemchemi ya kupwa na kujaa. Mlima wa chokaa una pango ndani. Maji yanachuruzika kujaza pango, na njia ya kutokea imepinda kama bomba la choo, inapanda kwanza ndipo inashuka. Maji yakiwa chini ya kile kipeo cha kona, nje hakuna hata tone. Yakifika kipeo, bomba lote linajaa, linaanza kunyonya lenyewe, pango linamwagika kwa kasi. Kiwango kikishuka chini ya mdomo wa bomba, hewa inaingia, mnyonyo unakatika, kimya tena. Muda kati ya mwago na mwago unategemea ukubwa wa pango na kasi ya mchuruziko, kwa hiyo masika hufupika na kiangazi hurefuka.

Siku saba kamili kila wiki, hapana. Bomba halina kalenda.

#27 Mama Theolojia

Asante fundi, umetoa somo zuri. Chemchemi ya namna hiyo ipo kweli eneo hilo la Syria, karibu na ngome ya Krak des Chevaliers, na wasafiri wa karne ya 19 waliitaja kuwa ndiyo ya Yosefo. Lakini mawe yasiyo na maji ya Eldadi hayatoki kwenye bomba lako.

#28 Ustadhi wa Kizingo

Na hapa niongeze mlango mwingine. Tabari, aliyefariki 923, kwenye tafsiri ya Al-A'raf 159, ile ya kundi katika kaumu ya Musa linaloongoza kwa haki, anapokea kwa Ibn Jurayj kwamba kabila moja la Bani Israili lilijitenga na maovu ya wenzao. Mwenyezi Mungu akawafungulia njia chini ya ardhi, wakatembea mwaka na nusu, wakatokea nyuma ya Uchina. Ibn Jurayj alifariki 767. Hiyo ni zaidi ya karne moja kabla ya Eldadi kufika Qayrawani. Basi kisa cha kabila lililojitenga kwa wema kilikuwa kinazunguka kwa Kiarabu tayari, na muundo wake ni uleule wa Dani kwenye #12.

#29 Mama Theolojia

Ustadhi, umesema mwaka na nusu? Ufunuo wa Ezra, ule usiomo kwenye Biblia za Kiprotestanti, sura ya 13, unasema makabila kumi yalivuka Frati, Mungu akauzuia mto, wakasafiri mwaka na nusu mpaka Arzarethi. Kazi hiyo ni ya kama mwaka 100 B.K.

#30 Mzee wa Hoja

Sasa mmefika. Mwaka na nusu uleule kwa Mkristo, Myahudi na Mwislamu, kila mmoja na mlango wake wa kutokea. Eldadi amebeba mzigo wa watu wote.

#31 Msomaji wa Usiku

Mzee, hata kama kisa ni cha watu wote, mtu aliyekibeba alitoka mahali. Na kuna athari zisizokanushika. Radbazi (Rabi David ibn Zimra) wa Misri, karne ya 16, aliamua kuwa Wayahudi wa Uhabeshi ni uzao wa Dani. Rabi Ovadia Yosef, rabi mkuu wa Wasefardi Israeli, alimtegemea huyo mwaka 1973, na 1975 serikali ya Israeli ikawatambua kuwa na haki ya kurejea. Hoja iliyobebwa na kijitabu chembamba imehamisha watu kwa ndege.

#32 Ustadhi wa Kizingo

Hukumu ya Rabi inathibitisha Rabi aliamua nini. Haithibitishi Eldadi alizaliwa wapi. Wenyewe Beta Israel wana mapokeo mengine pia, yanayowaunganisha na Menelik mwana wa Sulemani.

#33 Kichwa Ngumu

Na wale Wayahudi wa Mbale, Uganda? Hao nao Dani?

#34 Mama Theolojia

Hapana. Abayudaya walianza 1919 kwa Semei Kakungulu, aliyesoma Biblia akaamua kuifuata Torati. Hawadai ukoo wa kabila lililopotea. Usiwachanganye.

#35 Mjukuu wa Lamu

Swali ambalo hamjaligusa: kwa nini kichapwe? Karakana ndogo, risasi ghali, karatasi ghali, vitabu vya sheria na falsafa vinangoja. Kwa nini uchape hadithi ya mtu aliyekaribia kuliwa?

#36 Bi Katalogi

Kwa sababu ya ukombozi, kwa maoni yangu. Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za marabi), Sanhedrini 10:3, ina mabishano: Rabi Akiva anasema makabila kumi hayatarudi, Rabi Eliezeri anasema yatarudi. Walioshika upande wa kurudi waliona kuonekana kwa makabila ni dalili kwamba Masihi yu karibu. Na Eldadi hasimulii wanyonge. Wake ni wapanda farasi, wana mfalme, makabila manne yanapokezana vita miezi mitatu mitatu, Efraimu wako milimani mkabala na Makka. Kwa Myahudi wa Italia asiyeruhusiwa upanga, hiyo ni dawa. Hasdai ibn Shaprut wa Kordoba, karne ya 10, alipomwandikia mfalme Myahudi wa Khazari alimtaja mtu wa Dani aliyewahi kufika kwao, na katika barua hiyohiyo akauliza habari za siku za mwisho. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

#37 MpigaChapa

Mimi naona sababu ya karakana tu. Kijitabu kifupi hujaza muda kati ya kazi kubwa. Turi ni mamia ya kurasa na mtaji umelala. Kijitabu unakipanga, unakichapa, unakiuza haraka upate fedha ya karatasi. Safari za ajabu huuzika bila Masihi.

#38 Bi Katalogi

Huuzika, sawa, lakini tazama kilichofuata. David Reubeni alifika Venice mwishoni mwa 1523, akaenda Roma kwa Papa Clement VII mwaka 1524, akijiita ndugu wa mfalme wa makabila huko Khaibari, akiomba silaha. Alipokelewa. Shajara yake inasema alivuka Bahari ya Shamu mpaka Suakini na kukaa kwa mfalme wa Sennar, akijifanya sharifu. Mfuasi wake Solomon Molcho alichomwa moto 1532, mji gani? Mantua. Abraham Farissol wa Ferrara akaandika kitabu cha jiografia akimtaja Reubeni na kuuzungumzia mto Sambatyoni, kikachapwa Venice 1586. Wasomaji hao walikuwa wameshaandaliwa.

#39 Mzee wa Hoja

Wakristo nao. Barua ya Mfalme Kasisi Yohana, mtawala Mkristo wa hadithi, karibu 1165, ina mto wa mawe na makabila kumi nyuma yake. Nani kamwibia nani, hilo bado vita.

#40 Mjukuu wa Lamu

Mtu akiuziwa nakala leo akaambiwa ni ya Conat, aanzie wapi kuikagua?

#41 MpigaChapa

Inua jani kwenye mwanga. Karatasi ya wakati ule ina mistari ya waya, iliyoachwa na chekeche ya kutengenezea karatasi. Isipokuwepo kabisa, ni karatasi ya baada ya miaka ya 1750, yaani umeuziwa nakala ya kuigiza. Ikiwepo, angalia ile mistari iliyoachana kwa nafasi pana, si ile myembamba iliyosongamana, inaelekea wapi. Karatasi ikikunjwa mara moja, mistari husimama na alama ya maji huwa katikati ya jani. Ikikunjwa mara mbili, mistari hulala na alama ya maji hukatwa na mkunjo wa mgongo. Hapo majani mawili yaliyoungana mgongoni lazima yakubaliane: ama nusu ya alama huku na nusu kule, ama yote mawili hayana alama. Yasipokubaliana, jani moja limepandikizwa kutoka nakala nyingine.

Kisha angalia mwisho wa kitabu kama kuna saini ya mkaguzi wa Kanisa. Mantua miaka ya 1590 alipita Domenico Irosolimitano. Saini yake ni ushahidi kwamba nakala ilikuwa Italia wakati huo. Wino wao ulikuwa na chuma, hula karatasi taratibu, kwa hiyo tundu lenye umbo la mwandiko si la mende. Usilizibe kwa gundi ya dukani, maji ya gundi huamsha wino ukaendelea kula.

#42 Msomaji wa Usiku

Asanteni. Kwa mwaka, nakubali 1475 hadi 1477. Kwa Uhabeshi sijatoka.

#43 Ustadhi wa Kizingo

Na mimi Yemeni sijatoka.

#44 Kichwa Ngumu

Wakuu, nimepata! Ukurasa wa tatu, mstari wa juu, kuna herufi mbili zenye nukta. Huo ndio mwaka uliofichwa, Bi Katalogi #6. Nimejumlisha nimepata 50.

#45 Bi Katalogi

50 na 1240 ni 1290, kabla uchapaji haujafika Ulaya. Wa tatu ukihesabu kutoka upande gani?